Mkono wa Karani

Msimu wa uchaguzi karani wa mji wetu, huku kaskazini mwa Ontario, hapokei kitu cha mtu. Ukimpa donati anacheka: "Nikila yako nitakula za wote, na suruali itagoma." Sauti yake haipandi wala haishuki, akitangaza mbwa aliyepotea au meya aliyefariki, ni ile ile. Jumamosi tu, akiteleza peke yake kwa viatu vya makali kwenye uwanja wa barafu, ndipo utamsikia akiimba.

Mwaka huu kura za wagombea wawili wa udiwani zililingana, hata zilipohesabiwa upya. Bwana Haapala alikuwa ameapa kuufunga uwanja huo wa barafu, Bi Pellerin kuuokoa. Sheria yetu inasema hapo majina yatiwe kisandukuni, na karani achomoe moja. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Karani alikunja mkono wa sweta mpaka begani, kama anayekwenda kuzalisha ng'ombe, akatuonyesha kiganja kitupu.

"Fumba macho, dada!" Haapala akapaza sauti.

"Nimefumba, kaka. Nawe fumba mdomo."

Tukacheka. Akachomoa karatasi, akaikunjua.

"Pellerin," alisema, kwa sauti ile ile ya mbwa aliyepotea.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Karani akatoa karatasi ya pili, akamwonyesha Haapala kwamba jina lake nalo lilikuwamo, akampa mkono, akatoka. Nilipofika nje alikuwa anavuka barabara kuelekea uwanjani bila koti, theluji ikimwangukia mkono ulio wazi mpaka begani, na alikuwa anaimba.