Siku Nilipoichambua Sehemu ya Pili

Haya ninayowaeleza yananitia aibu mpaka leo, na mke wangu amenishauri niyameze tu, lakini kwa kuwa watu wa Ujiji wanayasimulia kwa namna tano tofauti (katika mojawapo eti nililia, jambo ambalo si kweli), ni afadhali niyaseme mwenyewe, kwa mpangilio.

Mimi ni fundi wa injini za boti pale Katonga. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha kwa vitabu, na riwaya naisoma kama ninavyofungua injini: naandika kwenye daftari nani kaingia ukurasa gani, nani katoka, na kipi kimelegea. Katika chama chetu cha wasomaji, kinachokutana Jumamosi baada ya alasiri nyumbani kwa Mwalimu Hamisi, mwalimu mstaafu, watu walizoea kuningoja mimi niseme mwisho. Nami, nakiri, nilizoea kungojwa.

Kitabu huwa kimoja na sisi tuko tisa, kwa hiyo tunakigawa sehemu tatu, kila sehemu inashonwa kwa uzi, na zinazunguka nyumba kwa nyumba ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja. Si ajabu kwetu mtu kushika mwisho kabla hajaona katikati. Anasubiri zamu yake, basi.

Safari hii kitabu kilikuwa cha mwenzetu. Bi Mwajuma wa Kasingirima, mkunga mstaafu, mjane (ndivyo tulivyojua wote, kwamba mumewe alizama ziwani miaka mingi iliyopita), alikuwa ameandika riwaya yake ya kwanza. Aliiandika kwa mkono, na Neema, mwenye steshenari pale Mwanga na mwanachama wetu pia, akamchapia nakala moja. Bi Mwajuma alitaka maoni yetu ndipo aamue aipeleke kwa wachapishaji au aifungie sandukuni.

Sehemu ya kwanza niliisoma mara mbili. Inamhusu Zena, ambaye mumewe amevuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kibiashara na harudi. Kisha Jumamosi moja sikuhudhuria, nilikuwa na injini ya watu nimeifungua na kuimwaga vipande chini, na siku chache baadaye Mwalimu akaniletea bahasha ya sehemu ya tatu. Humo Zena ametulia, analea mtoto ambaye hakumzaa, na mume hatajwi hata mara moja. Sehemu ya pili sikuiona. Nilitakiwa niulize iko kwa nani. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba mimi, mtu wa daftari, sijamaliza, na mkutano ulikuwa kesho yake. Basi nikakaa, nikatazama kilichoingia upande huu na kilichotoka upande ule, nikakisia cha katikati, kama ninavyokisia ubovu wa injini kwa kutazama moshi wake. Nikaandika kurasa mbili za maoni. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Jumamosi wenzangu walisema yao, wengi wakisifu, na nilishangaa kidogo kwamba hakuna aliyeigusa sehemu ya pili. Nikadhani wameiachia mimi. (Mtu akijipenda huona heshima hata mahali ambapo hakuna.) Nikafungua daftari, nikakohoa, nikasema: "Sehemu ya kwanza ni imara. Ya tatu ni nzuri. Ila sehemu ya pili, Bi Mwajuma utanisamehe, imerefushwa. Pale Zena anapomfuata mume ng'ambo na kumkuta ana mke mwingine na mtoto, machozi yamezidi. Mtu mzima halii kurasa zote zile."

Mwalimu Hamisi alivua miwani. Bi Mwajuma aliweka kikombe chini taratibu sana, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Fundi, umeisoma wapi?"

"Kwenye bahasha," nikajibu. Uongo wa pili, na ulitoka wenyewe kabla sijaufikiria.

"Bahasha ipi? Sehemu ya pili sijaitoa. Jumamosi ile ambayo hukuja niliwaambia wenzako: ina mambo ya nyumbani kwangu, bado naipima. Iko sandukuni, na ufunguo ninao mimi."

Halafu akageuka, na si kwangu. Akamtazama Neema.

"Mtu mmoja tu mwingine aliyeiona. Ni wewe, mwanangu."

Neema alisimama. "Mama, haki ya Mungu, sijampa mtu! Nilichapa, nikakupa, nikafuta mbele ya macho yako."

"Basi huyu kajuaje?"

"Mimi sijui, Mama! Muulize yeye!"

Ndugu zangu, nimewahi kukwama katikati ya ziwa injini imezima na wimbi linapanda, lakini sikuogopa kama siku ile. Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, nilikuwa nimekisia sawasawa, na nilichokisia kilikuwa maisha ya mama wa watu, ambaye sote tulidhani mumewe alizama, nikakitangaza mbele ya watu wanane. Pili, binti aliyekula kiapo kwa mdomo wake alikuwa anageuka mwizi kwa ajili yangu, na nani tena angempelekea karatasi zake za siri, barua za talaka, wasia, akishaitwa mvujishaji?

"Sijaisoma," nikasema. "Nilikisia tu."

Hakuna aliyeniamini. Mzee mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese, akacheka kwa dharau: "Ukakisia na mtoto? Wewe fundi au mganga?" Mwingine akasema ninamfichia Neema, tena kwa namna ya kudokeza kwamba kuna jambo kati yetu, na maneno hayo yalimfikia mke wangu kabla sijafika nyumbani.

Ndipo nilipomwomba Bi Mwajuma anitahini. "Niulize chochote kilichomo humo. Niulize mbele ya wote."

Akakubali. "Zena alivuka na nani?"

"Sijui."

"Kisia, si ndiyo kazi yako?"

"Na… kaka yake?"

"Hana kaka. Mlango alifungua nani?"

"Mume."

"Hapana. Alikaa siku ngapi?"

"Tatu? Saba?"

Aliniuliza maswali kumi na mawili, nami nikakosa yote kumi na mawili, jasho likinitiririka, na kila nilipokosa mtu mmoja alicheka na Neema akapumua kidogo. Sijawahi kumwomba Mungu nikose jibu, ila siku ile nilimwomba. La mwisho aliuliza Zena alilia mara ngapi. Nikasema sijui, labda nyingi.

"Hakulia hata mara moja," alisema Bi Mwajuma. Akamshika Neema mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea." Kisha akakusanya sehemu zake mbili, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Jumatatu nilikwenda steshenari kuomba radhi. Neema aliendelea kuchapa bila kuinua macho. "Kaka Fundi," alisema, "ungesema tu hujaisoma. Nani angekucheka?" Hilo nalo sikulikisia.

Mwezi uliopita Bi Mwajuma aliitoa sehemu ya pili. Alisema kwa kuwa siri imeshatoka ikiwa imepinda, ni bora itoke ikiwa imenyooka. Kaizungusha kwa wote isipokuwa mimi. Siku ya maoni Mwalimu Hamisi alinitazama tu, nikaelewa, nikachukua kigoda nikaenda kukaa barazani. Nilisikia wakicheka, kisha mzee wa mawese, yule yule, akapenga kamasi. Kuna kitu humo ndani ya mlango ule wa Kalemie. Daftari lilikuwa mapajani na kalamu ninayo, nami nilikaa pale nikitazama barabara mpaka waliponiita kunywa chai. Sikuuliza. Na, Mungu ni shahidi, sikukisia.