Nilimtafuta mtoto chini ya trela zote, kumbe nilikuwa naangalia pabaya

Wakuu salamu. Hii si ya kuambiwa, ni yangu.

Mimi nauzia madereva chai na chapati kwa laini ya trela zinazongoja kuvuka mpaka hapa Malaba. Masomo niliachia Form Two, lakini hoteli yangu itakuja, hata rangi ya signboard nishachagua. Msicheke.

Siku hiyo nilikuwa na Amoit, mtoto wa dada yangu. Ana miaka mitatu na kitu.

Laini ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Wenye tunauza huku mnatujua: trela ikisimama hivyo, kivuli chake ndiyo nyumba yetu. Tunakaa hapo, watoto wanacheza hapo. Ni makosa, lakini jua la huku nalo!

Tukacheza brikicho, ule mchezo wa kujificha na kutafutana. Nikahesabu mpaka kumi huku nikimiminia dereva chai. Wiki iliyopita nilikuwa nimemfunza mwenyewe: ukijificha, hata ukiitwa usijibu.

Kufika kumi, nikasikia injini huko mbele. Moja. Mbili. Halafu breki za hewa, psss, psss, zikija upande wetu.

Mama Njugu, jirani yangu wa biashara, akapiga kelele, "Wee msichana! Laini inasonga, mtoto ako wapi?"

Thermos nikaitupa.

"Amoit! Amoit!"

Kimya. Si nilimfunza.

Nikainama chini ya trela ya kwanza, nikaangalia kila tairi. Hakuna. Ya pili, hakuna. Mama Njugu na mwili wake wote alikuwa amepiga magoti kwa lami akiita Yesu. Trela ya tatu ikawaka injini, moshi ukanipiga usoni.

Hapo ndio nikakumbuka vile huyu mtoto hujificha nyumbani. Anasimama katikati ya nyumba, anajifunika uso na leso, basi. Kwake, asipokuona, wewe pia humuoni.

Nikaacha kuinama. Nikakimbia mbele ya ile trela iliyowaka.

Alikuwa hapo wakuu. Amesimama wima mbele ya bampa, leso kichwani, mwili wote nje. Dereva akiwa huko juu hawezi kuona kitu kifupi hivyo.

Nilimrukia, nikapiga bampa na ngumi nikipiga nduru. Trela ikaruka kidogo, ikazima.

Dereva, Mganda, akashuka. "Nyabo, wewe mama, unataka kufa?" Halafu akaona leso inasonga mikononi mwangu. Akakaa chini kwa lami.

Amoit akatoa leso, amekasirika. "Anti, umenionaje na mimi sijakuona?"

Nililia mpaka Mama Njugu akanipokonya mtoto.

Baadaye mwalimu mmoja wa nursery aliniambia watoto wa umri huo ndivyo wanafikiria: wanachoona wao ndicho kila mtu anaona. Si ujinga wala ukaidi, akili inapanda ngazi yake na hii itapita. Mimi nilikuwa namtafuta kama mtu mkubwa aliyejificha.

Siku hizi tunakaa mbali na barabara, hata jua liwake aje.

Wazazi mlio humu, wenu hujificha aje? Semeni tujifunze.

Na madereva wa huku, kabla hujatoa breki, shuka uangalie mbele ya bampa. Mtoto anaweza kuwa hapo, na yeye anaamini hayupo.