Sahani ya Mchungaji

Mwanaume akiwa mchungaji, mke wake anaitwa Mama Mchungaji. Kwetu mchungaji ni mke wangu, basi watu wa Igowole wakaniita mimi Baba Mchungaji, na sijawahi kuchunga hata mbuzi. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho chenyewe nilikisoma zaidi nikiwa nje ya dirisha, nimepigishwa magoti. Kazi yangu kutengeneza pikipiki.

Tulipokuwa Mbeya mjini haikuwa shida. Igowole, mgeni akiingia ananieleza mimi matatizo ya ndoa yake, na mke wangu kakaa pale pale, kola shingoni. Nilikuwa nacheka. Namwambia, "Mchungaji, kesi yako nimeshahukumu." Naye anacheka.

Kulikuwa na mzee mmoja anaumwa. Mke wangu alikuwa anaenda kwake na ule ukungu wa asubuhi, anamsomea, anaomba naye, anamlisha uji. Siku moja mzee akamwambia mbele ya watoto wake, "Mama, wewe ndiye utakayenizika." Wakaitikia wote, "Sawa, baba."

Mzee akafa. Tumefika msibani, mke wangu na kanzu yake na kitabu, mtoto mkubwa wa marehemu akanivuta pembeni mimi.

"Baba Mchungaji, tumekaa kama ukoo. Mwanamke hawezi kumzika mzee wetu. Tutachekwa."

"Si mwenyewe alisema?"

"Alikuwa mgonjwa yule. Tumeonelea usome wewe."

"Mimi?"

"Si unaishi naye? Maneno unayajua."

"Hata redio yangu inayajua. Utaivalisha kanzu?"

Hakucheka. Nikamwambia, nenda kamuulize mwenye kazi yake. Hawakumuuliza. Wakamleta mwinjilisti wa mtaa wa pili, mwanaume ambaye mke wangu ndiye aliyemfundisha kipaimara.

Mke wangu akavua kanzu, akaikunja vizuri, akajifunga kitenge, akaenda kumenya viazi na wenzake. Kaburini akasimama nyuma, kwa wanawake. Yule mwinjilisti akakosea jina la marehemu, watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa naangalia midomo ya mke wangu. Alikuwa anasema ibada yote kimya kimya, bila kitabu, anamtangulia mwinjilisti.

Wakati wa chakula wakaniweka meza ya mbele, wakaniletea sahani ya mchungaji: paja zima la kuku, na soda juu. Nikaibeba mpaka kwenye mikeka ya wanawake.

"Baba Mchungaji, umepotea! Wanaume kule!" wakanitania.

Nikaiweka mbele ya mke wangu. "Mchungaji, chakula chako hiki."

Akaiangalia.

"Irudishe, baba," akasema. "Watasema mchungaji amekula na kazi hajafanya."

Wale wanawake wakaacha kucheka.