Maji Yenye Baridi Yabisi

Mwalimu wa sayansi wa darasa la nne alikuwa na jina lake, lakini lilishasahaulika. Shule nzima ilimwita Mwalimu Birika. Kila somo la hali za maada lilipowadia, alitoka nyumbani na birika la bati mkono huu na bakuli la barafu mkono ule. Mkewe, aliyelazimika kuhamisha nyama yake ili barafu ipate nafasi kwenye friji, hakuacha kumchokoza kwa hilo birika: "Na mke mwenzangu leo umemwogesha?" Mwalimu alicheka tu. Anayeipenda kazi yake ataununia nini ulimwengu?

Asubuhi hiyo aliwasha jiko mbele ya darasa, akauliza, "Nani anajua kitu yabisi?"

Ukainuka mkono wa msichana wa dawati la nyuma, aliyelelewa na bibi yake. Tangu ahamie hapo hakuwahi kufumbua kinywa.

"Bibi yangu, mwalimu. Ana baridi yabisi ya magoti."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto akaketi, kidevu kifuani. Mwalimu Birika alisikia uchungu hasa. Aliwajua watoto: mmoja akichekwa kwa neno lake la kwanza, la pili utalingoja mpaka uchoke.

"Hebu simama, mjukuu wangu," alisema. "Magoti ya bibi asubuhi yakoje?"

"Magumu. Hayakunjiki," alinong'ona.

"Na akiyakanda kwa maji moto?"

"Yanalegea. Anaweza kwenda kwa jirani kupiga umbea."

Wakacheka tena, ila sasa walicheka naye. Mwalimu akainua kipande cha barafu juu. "Basi haya hapa ni maji yenye baridi yabisi. Yamekakamaa, hayaendi popote. Tuyakande." Akayatia birikani.

Baada ya muda akafunua kifuniko. "Yamekuwaje?"

"Yamelegea!" msichana alijibu kabla ya wenzake.

Birika likachemka, mvuke ukatoka mdomoni mwake.

"Na sasa?"

"Yameenda kwa jirani!"

Mwalimu akakinga sahani baridi juu ya mvuke. Matone yakajikusanya, yakadondoka moja moja. Msichana alikuwa ameshafika mbele bila kuitwa, anaonyesha kwa kidole. "Yamepoa, yanarudi nyumbani. Ukiyarudisha kwenye friji, ugonjwa utayashika upya."

Kesho yake, kengele haijalia, ajuza mmoja aliingia uwanjani mwa shule na mkongojo wake, hatua kwa hatua.

"Yuko wapi huyo aliyenifanya barafu?"

Mwalimu Birika akajitokeza, ameshajiandaa kuomba radhi. "Shikamoo, bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Mtoto huyu kila siku namuuliza habari za shule, ananiambia nzuri, basi. Jana kasema mpaka usingizi ukamkatiza katikati ya neno." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nimekuja kuliona hilo birika."