Sauti ya Mama Mdogo Chini ya Gitaa

Mwezi uliopita nilipanda kijijini Nzahaha na gari langu kupeleka vyombo vya muziki arusini. Nasema gari langu na vyombo vyangu, rafiki yangu, kwa sababu sikurithi hata waya mmoja. Shule niliiacha darasa la nne, lakini leo ukisikia muziki unapiga mjini Kamembe mpaka vikombe vinatetemeka upande wa pili wa barabara, jua ni spika zangu. Wenye diploma ndio wanaonipigia simu kuniomba nafasi. Basi tulipofika, vijana wangu wakaanza kufunga nyaya. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wakimenya ndizi na kuimba, bila ngoma, bila kitu. Nikawaambia vijana wazime mashine kwanza. Mmoja akaniangalia.

"Patron, na mabafle yote haya, kumbe muziki yako ni ya bakoko, ba bibi ba zamani?"

Nikacheka naye, sikumweleza. Ningeanzia wapi? Nitaanza hapa kwako, maana wewe una nafasi ya kunisikiliza.

Sisi tulikuwa wale waliozaliwa uhamishoni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi katika nchi ya wazazi wetu ambayo hatukuwahi kuiona. Tulivuka baada ya vita vya huku, mimi nikiwa na miaka kama minane. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nililelewa na bibi, tuliyemwita Koko. Alipata kipande cha shamba Nzahaha, akalima muhogo na maharage, akanichapa nilipostahili na mara chache nilipokuwa sistahili. Binti yake wa mwisho, mama yangu mdogo, alibaki Bukavu kwa sababu ya kazi, akasema atatufuata. Kabla hajatufuata, vita vikawaka upande ule. Watu wa Bukavu wakatawanyika porini, na kwa muda mrefu hatukujua kama bado yuko duniani.

Nikifumba macho naiona ile nyumba. Asubuhi ukungu umejaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokaangwa kwa mawese inakuja mpaka kitandani. Nje, Koko anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mchi ukianguka anaimba neno moja, mchi, neno, mchi, neno, nyimbo za wanawake wa zamani ambazo hazina mwanzo wala mwisho. Mimi nilizisikia kama mtu anavyosikia mvua. Muziki, kwangu, ulikuwa ndani ya redio.

Tulikuwa na redio kaseti moja, iliyovuka mpaka juu ya kichwa changu mimi mwenyewe. Betri tuliziita mawe, na kazi yangu, baada ya kuchota maji na kutafuta kuni, ilikuwa kuanika mawe juani juu ya bati ili yapate nguvu tena. Yakikataa, niliyang'ata kidogo ubavuni. Nilijua jiwe lililobakiza nyimbo mbili na lililobakiza nusu wimbo. Usicheke, hakuna mtoto wa kilima kile aliyenifikia kwa ufundi huo. Kila Jumamosi alasiri redio ya ng'ambo ilipiga nyimbo za Kilingala saa nzima, na nilikaa nimebandika sikio pale mpaka sikio likawa la moto. Nilipenda gitaa. Wimbo uanze polepole, mwanamume abembeleze, halafu gitaa zifunguke zikimbie, na miguu yangu isiwe yangu tena.

Siku moja mpaka ulipofunguliwa kidogo, jirani yetu aliyekuwa mbeba mizigo pale mpakani Rusizi I alirudi na kaseti iliyofungwa katika kipande cha kitenge. Wakati ule wasiojua kuandika walituma barua hivyo: unasema mbele ya mashine, kaseti inapita mkono kwa mkono, kutoka kwa mchuuzi kwenda kwa mtu wa kanisa, mpaka imfikie mwenyewe. Jirani akaiweka redioni. Tukasikia kuku wanalia, mtu anakohoa, kisha sauti.

"Maman, niko muzima. Usilie. Tuko mbali sana, huku pori, ku bantu ba kanisa. Sina kitu ya kukutumia, ngoja nikuimbie."

Akaimba. Wimbo mrefu, peke yake, na wale kuku nyuma yake. Mwisho akasema: "Bakia muzuri, Maman. Salimia batoto. Njia ikifunguka, nitakuja."

Koko hakulia, kwa kuwa alikatazwa. Alimwomba jirani aivunje ile kaseti meno, yale mapande mawili madogo ya plastiki juu yake, ili mashine isiweze kuandika kitu kingine hapo. Kuanzia siku ile, kila Jumapili baada ya misa, alitandika mkeka, akaweka mawe mapya aliyoyafunga kwenye kitambaa kwa ajili ya kazi hiyo tu, akamsikiliza binti yake. Mimi nilikaa pembeni nikingoja amalize nipate zamu yangu.

Sasa sikia nilichofanya. Kulikuwa na wimbo mpya, uliosubiriwa na vijana wote wa bombani tulikochota maji, na mwenye kuunasa angekuwa mfalme pale mwezi mzima. Kaseti zangu zilikuwa zimeliwa na mashine. Jumamosi ile Koko alikuwa shambani. Nilijiambia: barua ikishasomwa imekwisha, na hii ameisoma Jumapili nane, anaijua yote. Nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba nayo zile tundu za meno yaliyovunjwa, nikabonyeza. Nilitumia mawe yangu ya juani. Wimbo ukaingia wote, mpaka mawe yakachoka kabisa.

Kesho yake Koko alitandika mkeka. Jirani naye alikuja, na mke wake. Mawe mapya yakawekwa. Na kwa kuwa nilinasa kwa mawe dhaifu, kwa mawe mapya wimbo ukatoka mbio, sauti ya yule mwanamume nyembamba kama ya mtoto, gitaa zikikimbia kama kuku waliofukuzwa. Nikajivuta nyuma ya mke wa jirani.

"Koko, huyu mutoto umupige," jirani akasema.

"Nikimupiga, sauti itarudi?"

Jirani akanyoosha mkono kuzima redio. Koko akamzuia.

"Wacha. Iko inaenda fasi fulani, tuone itafika wapi."

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Mlio wa kukatika, na baada yake, kwa utulivu kabisa, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja wale wanamuziki wamalize: "Bakia muzuri, Maman. Salimia batoto. Njia ikifunguka, nitakuja." Hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Koko hakunipiga, siku ile wala baadaye. Aliniweka tu karibu naye kwenye mkeka kila Jumapili. Na hakukubali kamwe nipeleke kaseti mbele ili tufike upesi kwenye maneno. Alisema mashine itamkata tena, na mimi sikuwa na uso wa kumbishia. Tulisikiliza wimbo wote ule uliokimbia. Baada ya miezi kadhaa nikamwona kidole chake kinagonga goti. Baada ya mwaka alijua kila mahali gitaa zinapogeuka, na yule mwanamume akifikia kilio chake cha mwisho, Koko alijifunga vizuri kitenge chake na kukaa sawa.

"Nyamaza sasa," aliniambia, "dada ya mama yako anaingia."

Ndivyo nilivyoharibika, rafiki yangu, kama ni kuharibika. Nilikua, nikauza kaseti Kamembe, halafu CD, nikanunua spika ya kwanza na ya ishirini. Nilicheza ndombolo mpaka viatu vikafunguka vinywa. Lakini wenzangu gitaa zikifunguka wanarukia uwanjani, mimi nanyamaza. Kuna kitu ndani yangu kinakaa sawa, kinangoja mtu aingie.

Koko alifariki kabla njia haijafunguka. Mama mdogo alikuja miaka miwili baadaye, akipanda kile kilima kwa miguu, mwembamba, na mvi za mtu mkubwa kuliko yeye. Tulimpeleka kaburini, tukarudi, akakaa kwenye mkeka wa mama yake. Akauliza kama kaseti ilifika.

"Ilifika. Alikusikiliza mpaka utepe ukakatika."

"Niliimba nini? Nilikuwa na woga sana siku ile, bunduki zililia karibu. Sikumbuki."

Mtu pekee aliyebaki duniani ambaye alisikia wimbo ule Jumapili nane alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nikingoja zamu yangu. Nilimweleza ukweli wote, na karatasi niliyotafuna. Kisha akaanza kuimba, mmoja baada ya mwingine, zile nyimbo alizofundishwa na Koko kwenye kinu, akisimama kila mara kuniuliza.

"Ni hii?"

"Labda, Maman."

"Ama hii?"

"Inaweza kuwa hiyo."

Aliimba mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba, na kila mmoja niliusikia kama ndio wenyewe. Sasa naye hayupo. Redio za mawe hazipo, kaseti watoto wangu hawaijui ni kitu gani, na wanawake wanaozijua nyimbo zile wanapungua kila mwaka. Nikikuta wawili watatu wanaimba, kisimani au jikoni, siwezi kupita. Mmoja wa nyimbo zile ni ule nilioufuta, na sijui ni upi, basi nazisikiliza zote.