Mama Omu na koili tatu zilizopunguzwa

Saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye kibaraza cha nyumba ya vyumba viwili, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anashika ncha mbili za mita yake ya kupimia umeme na kuzigusanisha, nyekundu kwa nyeusi, bila kitu chochote katikati. Anasubiri. Namba inacheza kidogo kwenye kioo, kisha inatulia. Anaiandika kwa penseli kwenye ubao wa meza, na hapo ndipo anapomkaribisha mgeni wake kiti.

"Nisamehe sikukusalimu mapema," anasema. "Kabla sijaipima mita, siongei na mtu."

Wateja wanamwita Mama Omu. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme usipite ovyo, na mama huyu wa miaka hamsini na tatu hulitaja neno hilo mara nyingi kuliko majina ya wanawe. Kazi yake ni kusuka koili za sigara za umeme, vile vipande vya waya uliozungushwa kama springi ndogo ambavyo hupata moto na kugeuza maji yenye ladha kuwa mvuke. Anazisuka kwa mkono, moja moja, kwenye shina la bisibisi nyembamba. Kwa siku hutoa sitini, na akiwa hana wageni wenye maswali hufika themanini.

Mwenyewe havuti. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama juu ya miwani.

"Mbona fundi majeneza halali ndani ya jeneza?"

Ufundi wake haukuanzia kwenye vitu vidogo hivi. Aliingia karakana ya marehemu kaka yake akiwa binti wa miaka ishirini, na kazi aliyopewa ilikuwa kuchemsha chai. Karakana hiyo ilisuka mota zilizoungua. Siku moja fundi mmoja aliugua huku mwenye mota ya pampu akiwa amesimama mlangoni anafoka, ndipo binti wa chai akaomba ajaribu. Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Mota iliwaka jioni ile ile, na kesho yake akatafutwa mtu mwingine wa kuchemsha chai.

Alisuka mota kwa miaka ishirini na saba. Kisha mota mpya zikashuka bei, watu wakaanza kutupa zilizoungua, na karakana ikafungwa. "Nilikaa nyumbani miaka miwili mikono inaniwasha," anasema. "Nilikuwa nasuka hata nyaya za pasi za majirani, na pasi zenyewe hazijaharibika!"

Miaka minne iliyopita jirani mmoja alimletea sigara ya umeme isiyotoa mvuke. Aliifungua, akaona koili, akacheka peke yake. Ilikuwa mota yake, ila imepungua mwili. Leo koili kumi zinampa fedha ya kilo mbili za sukari. Si utajiri, lakini bati la chumba cha pili limetoka humo, na ada ya mwaka wa mwisho wa masomo ya bintiye pia.

Kinachomtofautisha na wengine wanaosuka majumbani ni namna anavyoisikiliza namba. Koili yake ya kawaida inatakiwa isome nusu omu, ambayo yeye huiita "pointi tano". Isiposoma hivyo, haitupi. Anaihoji.

"Ikisoma juu, kwanza nakaza skrubu, maana mguu wa koili ukilegea umeme unapita kwa shida. Ikirukaruka, mara sita, mara tisa, ujue mguu haujakaa, au kuna uchafu, futa. Ikiwa bado ya moto usiipime kabisa, itakudanganya, iache ipoe. Ila ikisoma chini sana…" Anainua kidole. "Hapo usicheke nayo. Koili imegusa ukuta wa kikombe chake, au mtu amepunguza mizunguko. Umeme hauna wa kuuzuia tena. Betri inachemka."

Miezi ya kwanza, koili nne katika kila kumi zilirudishwa. Siku hizi katika mia hurudi moja, na hiyo moja humkosesha raha hata kula. Kwa hiyo mtu anaweza kufikiria hali yake mwezi uliopita, siku mteja wake mkubwa alipomrudishia koili ishirini na saba kwa mpigo.

Mteja huyo ni mwanamke mwenye duka la sigara za umeme, mitaa mitatu kutoka hapo. Hununua koili kwa Mama Omu na kuziuza kwenye pakiti zenye nembo ya duka lake. Alikuwa amenunua mita mpya. Akapima koili moja ya pointi tano, ikasoma pointi nane. Nyingine, nane. Zote nane. Akafunga mfuko, akaja nao mwenyewe hadi kibarazani, mbele ya majirani.

"Dada, umeniuzia koili za uongo," alisema. "Kama umechoka kazi, sema nitafute fundi mwingine."

Mama Omu anasema damu ilimchemka, lakini aliupokea mfuko. Alipobaki peke yake hasira ikaisha, ikaingia hofu. Je, kama ni kweli? Kama macho yamezeeka? Mchana ule ule alikaa mezani. Alifunga koili moja moja, akakaza, akasubiri, akapima. Ishirini na sita zilisoma pointi tano. Moja ilirukaruka kwa sababu mguu wake ulikuwa umepinda, na hiyo akaiweka pembeni kama deni lake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alikwenda dukani. Hakupeleka koili hata moja. Aliomba tu aone hiyo mita mpya.

Mwenye duka mwenyewe anasimulia kilichofuata, akicheka kwa aibu. "Akachukua zile ncha mbili, akazigusanisha. Mita ikaandika pointi tatu. Akaniuliza, 'Hapa katikati kuna nini?' Nikasema hakuna kitu. Akasema, 'Basi hicho kisicho na kitu ndicho ulichoniongezea kwenye koili zangu.'"

Nyaya za mita nazo zina ukinzani wake. Kwenye vitu vikubwa hauonekani, lakini kwenye koili ya nusu omu, pointi tatu ni mlima. Inabidi uitoe kwanza kwenye namba unayosoma. "Mita ni kama nyani," anasema Mama Omu. "Haioni kundule."

Ilikuwa imefika wakati wa kuombana msamaha na kunywa soda. Badala yake mwenye duka alianza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa amepeleka koili ishirini na saba, lakini pakiti zilikuwa na thelathini. Tatu alizirekebisha mwenyewe. Alifungua mizunguko, akakata waya, akapima, akakata tena, mpaka mita yake ikasoma pointi tano. Maana yake ukinzani wa kweli ulikuwa pointi mbili. Na zote tatu alikuwa ameshaziuza.

Wateja wawili walikuwa majirani wa duka, na kabla ya saa nne koili zao zilikuwa zimerudi mezani. Wa tatu alikuwa dereva wa lori la mchanga, na sigara yake ni ya lile bomba la chuma lisilo na kioo wala mtambo wa ndani wa kukataa umeme ukizidi. Simu yake haikupokelewa. Wanawake wawili waliokuwa wamegombana jana walifunga duka, wakaenda kumtafuta machimboni kwa miguu, mmoja amevaa viatu vya kisigino.

Walimkuta ameegemea tairi, amezungukwa na wingu la mvuke, anatabasamu.

"Mama, koili hii ni moto wa kuotea mbali!" aliwaambia. "Haijawahi kuvuta vizuri hivi."

"Nipe," Mama Omu akasema.

"Hii sitoi, mama. Nitafutie nyingine kama hii, nakulipa mara mbili."

"Sawa. Ishike hapa chini, kwenye betri. Hesabu mpaka kumi."

Dereva alifika nne. Bomba lilianguka mchangani, naye akabaki anapuliza vidole. Akakumbuka kwamba tangu asubuhi paja lake la kulia, upande wa mfuko wa suruali, lilikuwa linamchoma, akadhani ni joto la injini. Akakaa chini bila kuambiwa.

Mama Omu aliifungua pale pale kwa bisibisi aliyotoka nayo, akaweka koili nzima ya kiwandani waliyoichukua dukani, akakaza. Dereva alivuta mara mbili, akalalamika kwamba mvuke umepungua. "Miguu yako miwili ipo?" aliulizwa. "Basi shukuru."

Akisimulia hayo hafichi fahari yake, na kwa kweli hana sababu ya kuificha. Tangu siku hiyo mwenye duka hauzi koili ya mtu yeyote, ya mkono au ya kiwandani, kabla haijapita kwenye meza ya Mama Omu. Alimwomba radhi mbele ya wateja waliojaa dukani. Lakini Mama Omu alitaka kitu kingine zaidi ya radhi. Alitaka jina lake liandikwe kwenye pakiti, jina kamili, lile la kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya simu.

"Siku ile dereva angeungua, angemlaumu nani? Nembo ya duka," anasema. "Mimi nasuka miaka yote hii na hakuna anayejua ni mkono wa nani. Kikiwa kizuri, wajue ni changu. Kikiharibika, kirudi kwangu."

Pakiti mpya zinatoka mwezi ujao. Anayezichora ni bintiye, muuguzi wa wodi ya vifua, ambaye kwa miaka minne amekuwa akimwambia mama yake kwamba anawatengenezea watu magonjwa. Jioni hii amefika na mchoro wa kwanza. Juu kabisa, kwa herufi nene nyekundu, ameandika kwamba mvuke huu unadhuru mapafu na usiuzwe kwa watoto. Jina la mama liko chini, dogo.

Mama Omu anaisogeza karatasi karibu na miwani.

"Onyo lako limekula pakiti nzima."

"Ndiyo sharti langu, mama. Hulitaki, tafuta mchoraji mwingine."

Mama anasoma tena, polepole, mpaka mstari wa mwisho. Anachukua penseli. Onyo haligusi. Anapofika kwenye jina lake, anaongeza herufi moja ambayo binti aliiruka, kisha anamrudishia karatasi.

"Kachapishe," anasema.