Fahali wa Mama Wafula

Harufu ya nyasi za nepia zilizokatwa asubuhi hunirudisha Sirisia, kwenye zizi tupu la jirani yetu, Mama Wafula. Mwanawe wa pekee alikuwa amechaguliwa kuingia timu ya taifa ya riadha, akaenda ng'ambo kwenye michezo ya mataifa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na kwa kuwa niliandamana na baba kupeleka mahindi Kitale, mama huyo alinikabidhi kazi moja: nisimame penye redio ya fundi cherehani, nisikilize matokeo, nimletee neno kwa neno.

Sikusimama. Nilikwenda kutazama matrekta. Niliporudi redio ilikuwa imezimwa, nikamwuliza mpagazi wa magunia, mtu wa kwetu Bungoma, kilichosemwa. "Ati vijana wetu wameleta fahali, bana! Fahali kubwa!" Kwetu l na r hubadilishana viti bila kuagana. Mtangazaji alikuwa amesema fahari, tena kwa kutufariji tu, maana timu haikupata hata medali moja. Hayo niliyasoma baadaye gazetini.

"Ulisikia mwenyewe, mwanangu?" Mama Wafula aliuliza.

"Kwa masikio yangu haya. Kila mkimbiaji amepewa wake."

Alikarabati zizi, akalijaza nepia, akatangaza kanisani. Siku Wafula alipofika na sanduku lake dogo la bati, majirani walikuwa wamejaa uani.

"Fahali yuko wapi?" mama alimwuliza.

"Fahali gani, mayi?"

"Labda amemkunja sandukuni!" mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Umemuuza Kitale, Wafula. Umemnywa." Kijana alidhani anaadhibiwa kwa kushindwa. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Neno moja langu lingetosha, nami nikalimeza. Mama yule alizikwa akiamini kuwa mwanawe ni mwizi.

Sasa tumo katika miaka ya elfu mbili. Juzi timu yetu ilirejea kutoka michezo kama ile, na wajukuu wangu wakaniletea matokeo matatu yasiyolingana, yote ya kuambiwa kwa simu za mkononi. "Nani kati yenu ameona mwenyewe?" niliwakemea. Wanauheshimu ukali huo. Wanadhani ni matunda ya elimu.

Wafula yu hai, ni mzee wa kanisa kule Bumula. Jumapili alinishika mkono mbele ya waumini, akasema, "Watu wa ukweli kama wewe mmebaki wachache, ndugu yangu." Nikamshukuru.